Kijiko cha Mama na zile ndege za zamani

Kilio cha mama kilipokwisha, tulifungua sanduku lake la chuma, lile alilokuja nalo toka kijijini siku alipoolewa na baba. Ndani mlikuwa vitenge vilivyokunjwa vizuri, karatasi za ubatizo za watoto wote, picha ya baba akiwa na kofia yake ya kazi, na chini kabisa, ndani ya kitambaa cheupe, kijiko kidogo. Mjukuu wake mmoja alikichukua akauliza: «Nkambo alificha hii kijiko juu ya nini? Iko ya zahabu?»

Hapana, si ya dhahabu. Ni chuma tu, na kwenye mkono wake pameandikwa Air Zaïre. Yaya yangu alipokiona alianza kucheka, halafu akalia, halafu akacheka tena. Basi jioni ile tuliwaeleza watoto habari ya kijiko, na kwa kuwa waliniuliza maswali mengi ambayo sikuwahi kufikiri, naona ni vizuri niwaeleze na ninyi wasomaji. Ndege ambayo kijiko hiki kilitoka ndani yake haiko tena. Wenzake pia karibu wote hawako.

Lakini inafaa nianze mbali kidogo, kwa nkambo yangu mwanaume, baba ya mama, ambaye hakupanda ndege hata siku moja lakini alizijua kwa sauti. Zamani za Wabelgiji mtu wa Katanga akitaka kufika Léopoldville alipanda gari la moshi hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, na kule akapanda meli juu ya mto Kasai, kisha juu ya mto Kongo. Njia ile ya reli ilifika Ilebo mwaka 1928. Ilikuwa safari ya majuma, na mtu alibeba chakula kama anahama. Ndege zilikuwapo, ndiyo. Mbelgiji Thieffry aliruka toka Bruxelles mwaka 1925 akafika Léopoldville baada ya siku 51, kwa kuwa aliharibikiwa njiani na kungoja vyuma. Miaka kumi baadaye, mwaka 1935, Sabena ilianza safari za kawaida toka Ubelgiji hadi Kongo, nazo zilichukua siku tano na nusu. Lakini ndani ya ndege zile walikaa Wazungu. Mtu wetu aliifikia ndege akiwa amebeba mzigo wa mwingine kichwani.

Baada ya vita ya 1940 zikaja DC-3 na DC-4. DC-3 ndiyo ile yenye mkia ulioinama chini. Ikisimama, pua inaangalia juu, na wewe unayeingia kwa mlango wa nyuma unapanda kilima ndani ya ndege ili ufike kitini. Ina motere mbili, na mwendo wake hauzidi sana kilometa 270 kwa saa. Toka Lubumbashi hadi Kinshasa ni kilometa 1.570 hivi, basi hesabuni wenyewe, tena ilisimama njiani kunywa mafuta. DC-4 ilikuwa na motere nne na ilikimbia zaidi, lakini hewa ya ndani yake haikufungwa kama ya ndege za leo. Kwa hiyo haikuweza kupanda juu sana kupita mawingu. Ilipita katikati ya mvua, ikitikiswa kama karai, na watu walitapika toka mwanzo hadi mwisho. Wale waliosifu ndege za zamani kwamba zilikuwa na raha, pengine hawakupanda DC-4 mwezi wa pili, mvua ikiwa nyingi.

Kwetu Katanga jina la DC-4 lina uzito mwingine. Tarehe 17 Januari 1961, ndege ya aina hii ndiyo iliyowaleta Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito hapa Luano, na usiku uleule waliuawa. Mwaka uleule, mwezi wa tisa, DC-6 ya Umoja wa Mataifa iliyomchukua Dag Hammarskjöld ilitoka Léopoldville ikaanguka karibu na Ndola, ng'ambo tu ya mpaka, na watu wote 16 waliokuwamo walikufa. Nkambo alisema kwamba miaka ile, watu wakisikia motere juu hawakutazama kwa furaha. Walihesabu watoto wao kwanza.

Haya, tuje kwa kijiko.

Kampuni ya ndege ya inchi yetu ilizaliwa mwezi wa sita 1961 kwa jina Air Congo, na Sabena ikiwa mshiriki. Mwaka 1971 inchi ilipobadilishwa jina, nayo ikawa Air Zaïre. Mwaka 1967 ilikuwa imepata ndege mpya kabisa kutoka Ufaransa, jina lake Caravelle. Ninyi vijana mnaopenda mashini, sikieni: Caravelle ilikuwa ndege ya kwanza ya abiria kuwekewa motere nyuma, moja kila upande wa mkia, na baadaye viwanda vingi viliiga hivyo. Pua yake ilinakiliwa toka kwa Comet ya Waingereza. Madirisha yake hayakuwa ya mviringo. Yalikuwa kama pembe tatu, mapana chini na membamba juu, na mtoto mfupi aliweza kuona chini vizuri. Na zile za Air Congo zilikuwa za aina 11R, yenye mlango mkubwa wa mizigo ubavuni karibu na pua. Za aina hii zilitengenezwa 6 tu katika dunia yote. Hatukujua. Kwetu ilikuwa tu avioni ya kwenda Kinshasa.

Yaya yangu aliolewa kule mwaka 1972 na mwalimu. Mwaka 1974 alizaa mtoto wa kwanza, na kwa desturi mama alipaswa kwenda kumsaidia. Baba alifanya kazi kwenye mashini ya kusaga mawe ya shaba, na alikuwa ameweka feza kidogo kidogo. Alinunua tiketi ya mama. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nafikiri nilipelekwa kwa sababu nilijua Kifaransa cha shule na mama hakujua hata kidogo. Nilikuwa mkalimani wake, na mkalimani mbaya.

Siku ile jamaa yote ilikuja Luano. Baba alivaa koti. Mama alibeba valizi moja na kapu, na ndani ya kapu mlikuwa sufuria ya bukari na samaki, imefungwa kwa kitambaa, kwa sababu hakuamini kwamba watu wanaweza kupika huko juu. Tulitembea kwa miguu hadi kwenye ndege, tukaingia kwa nyuma, chini ya mkia, kwa ngazi iliyoshuka toka ndani ya tumbo lake. Mama alisimama chini ya ngazi akakataa. «Tunaingilia kwa matako yake?» aliniuliza kwa sauti kubwa. Watu waliokuwa nyuma yetu walicheka, naye akapanda kwa hasira.

Mizigo ilikaa mbele, watu nyuma. Maana yake sisi tulikaa karibu na motere. Watu waliopanda Caravelle kule Ulaya husema ilikuwa ndege ya kimya, na ni kweli kwa waliokaa mbele, kwa kuwa kelele ilibaki nyuma yao. Lakini mbele yetu walikaa magunia. Ilipoanza kukimbia juu ya pisti, meno yangu yaligongana. Mama alishika mkono wangu akaanza kusali, si kwa siri kama anavyosali nyumbani, bali kwa sauti, na bwana mmoja mwenye abacost aliyekaa upande mwingine akaitikia amina. Halafu mgongo ukasukumwa kwenye kiti, na nikaona kwenye dirisha lile la pembe tatu miti, paa za mabati, mlima mweusi wa taka za shaba na bomba kubwa la moshi. Bomba lile ambalo toka chini lilikuwa kitu kikubwa kupita vyote, sasa lilikuwa kama sigara imesimama.

«Mama, angalia!»

«Weye, usiangalie chini! Unataka tuanguke?»

Baadaye hotesi alileta sahani ndogo. Mkate, kipande cha kuku, wali, keki, na kijiko na uma na kisu vya chuma, vyote vidogo kama vya watoto. Mama alitazama sahani, akatazama kapu yake. Aliniuliza ni feza ngapi. Nilimuuliza hotesi kwa Kifaransa changu, naye akacheka akasema imelipwa tayari na tiketi. Nikamtafsiria mama: «Anasema vyote ni vyetu, tumekwisha kulipa.» Basi hapo ndipo kosa lilipoingia, na kosa lilikuwa langu. Mama alikula polepole, akapangusa kijiko kwa kitambaa, akakiweka ndani ya kapu. Kama vyote ni vyetu, ni vyetu.

Tulifika N'djili baada ya saa mbili hivi. Kwa kuwa saa ya Kinshasa iko nyuma kwa saa moja, saa ya bwana wa abacost ilionyesha kama safari ilikuwa ya saa moja tu, na mama alisimulia hivyo kwa majirani miaka yote: saa moja, Lubumbashi hadi Kinshasa, njia ambayo baba yake angeitembea kwa majuma. Magurudumu yalipokanyaga chini watu wote walipiga makofi.

Tuliporudi, baba alikiona kijiko mezani. «Mama, hii kijiko ulitosha wapi?»

«Balinipatia.»

«Balikupatia juu ya kulia, hapana juu ya kwenda nayo!»

Mama alinitazama. Mimi nilitazama chini. Akaapa kwamba atakirudisha siku atakayopanda tena. Kwa kungoja siku hiyo, kijiko kilitumika kulisha uji kila mtoto aliyezaliwa katika nyumba yetu, na hata wa majirani, kwa kuwa kilikuwa kidogo na hakikuumiza midomo.

Air Zaïre ilikuwa pia na Fokker 27, yenye mabawa juu ya madirisha, hivi kwamba hakuna kitu kilichokuzuia kuona mashamba na mito. Motere zake zilipiga mluzi mwembamba sana, na tuliusikia kabla ya kuiona. Ilikuwapo DC-8, ndefu, yenye motere nne. Lakini mfalme alikuwa DC-10. Kampuni ilinunua mbili mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wavulana tuliendesha vélo hadi karibu na wavu wa Luano ili kuihesabu magurudumu. Wengine walisema 10, wengine 14. Ni 12: mawili chini ya pua, manne kila upande, na mawili mengine katikati ya tumbo, kwa kuwa aina hiyo, DC-10-30, ilikuwa nzito sana. Motere mbili zilikaa chini ya mabawa, na ya tatu ilipenya mkia wenyewe, kama mtu aliyebeba mtungi mgongoni. Ilipowasha zote tatu, vumbi la Luano lilitufuata hadi nyumbani.

Nilipanda DC-10 mara moja tu, mwaka 1982, nikienda masomoni Kinshasa. Ndani ilikuwa pana kama kanisa letu la cité, yenye njia mbili za kupita. Watu walitembea, walisalimiana, mama mmoja alipanga watoto wake sita kwenye safu ya katikati kama madarasani. Siwezi kusema nilisali kidogo. Mwaka 1974 DC-10 moja ilikuwa imeanguka karibu na Paris kwa sababu ya mlango wa mizigo uliofunguka hewani, watu 346 wakafa, na mwaka 1979 nyingine ilianguka Chicago baada ya motere kung'oka kwenye bawa, watu 273 wakafa. Baada ya ile ya Chicago, Marekani ilizisimamisha DC-10 kwa zaidi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo tuliokuwa tunasoma magazeti tulipanda huku tukiangalia bawa. Lakini ndege ilirekebishwa, na iliruka miaka mingi bila aibu.

Watu walikuwa na mzaha: waliita kampuni yetu Air Peut-être, yaani Air Labda. Mzaha ule ulichekesha wakati ndege ilichelewa saa tatu. Ilipofika miaka ya 1990, ulikuwa hauchekeshi tena.

Baba alikufa mwaka 1993. Ninyi wa umri wangu mnakumbuka mwaka ule Katanga, treni zilivyojaa watu, kazi ilivyosimama, mishahara ilivyokuwa hewa. Tulimpelekea yaya habari kwa fonia, na shemeji akauza friji akamnunulia tiketi. Jina la kampuni iliyomuuzia sitaliandika, kwa kuwa waliokuwa kwenye dirisha nao walikuwa masikini kama sisi. Yaya alilala N'djili siku ya kwanza, waliambiwa ndege iko njiani. Siku ya pili, mafuta. Siku ya tatu, rubani. Sisi huku tuliuweka mwili kwenye chumba cha baridi hadi umeme ulipokatika, ikabidi tumzike. Mama alikataa kuondoka kaburini. Alisema: «Mukubwa wake hayafika. Mungoje kidogo.» Tulingoja mpaka jua lilipoanza kushuka. Tukafunika.

Yaya alifika siku ya sita, ndani ya ndege ya mizigo, akiwa amekaa juu ya magunia ya unga pamoja na watu wengine ishirini hivi, bila kiti wala mkanda. Toka Luano alikwenda moja kwa moja makaburini na valizi yake mkononi. Hajawahi kuzungumza sana juu ya siku ile. Ninaandika kwa ruhusa yake.

Ndiyo maana mimi nikisikia watu wanasifu ndege za zamani, ninafurahi nusu. Nusu nyingine inakumbuka. Mwezi wa sita 1995 mahakama ya Bruxelles ilitangaza Air Zaïre imefilisika, na mahali pake yalijaa makampuni madogo yenye ndege ambazo inchi nyingine zimezichoka: Boeing 727, BAC One-Eleven, Antonov, Caravelle zilizobaki. Kuwa mzee si dhambi kwa ndege. Mwili wake wa aluminiamu hupanuka na kunywea kila inaporuka na kushuka, kwa hiyo umri wake huhesabiwa kwa safari na saa zaidi kuliko kwa miaka, na fundi mwenye vyuma na muda anaweza kuiweka hai miaka hamsini. Kinachoua ni kukosa fundi, kukosa vyuma, na kupakia kupita kipimo. Tarehe 8 Januari 1996 Antonov iliyotoka Ndolo iliingia sokoni pale Kinshasa, ikaua mamia ya watu waliokuwa wakiuza na kununua. Mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ulifunga anga lake kwa karibu makampuni yote ya Kongo. Mwaka 2008 Goma, mwaka 2011 Kisangani. Ndani ya kila jamaa yuko mtu anayejua jina fulani.

Hata hivyo nilifuatilia habari za zile za kwetu, kama mtu anayeuliza habari za wanafunzi wenzake. Caravelle ilikaa Afrika yetu kuliko mahali pengine: bado iliruka mwaka 2004, wakati moja iliposhuka Gisenyi, kwenye pisti fupi mno, ikaharibika pale pale. DC-10 ya mwisho ya abiria ilikuwa ya Bangladesh, na mwaka 2014 wapenzi wa ndege walisafiri toka mbali ili tu waipande mara ya mwisho. Nyingine ilikuwa hospitali ya macho, ya shirika la Orbis: madaktari walipasua macho ya wagonjwa ndani yake, imesimama kiwanjani, katika inchi nyingi. Tangu 2016 imepumzika kwenye jumba la makumbusho huko Arizona. DC-8 zilibeba mizigo toka Kinshasa kwa miaka mingi baada ya wengine kuzisahau, na ile ya wanasayansi wa NASA ilipumzishwa mwezi wa tano 2024, ikapelekwa chuoni Idaho ili vijana wajifunzie ufundi. Hiyo ilinipendeza. Kuliko kukatwa vipande na kuuzwa kama sufuria.

Lakini watoto hawakutaka habari za Arizona. Walitaka kujua kama nkambo alirudisha kijiko. Mama hakupanda ndege tena maisha yake yote. Nilipomwambia mwaka 1995 kwamba kampuni imekufa, alinyamaza kidogo akauliza: «Sasa nitarudishia nani? Ule jiji wa kule Bruxelles?» Akakifunga ndani ya kitambaa, na toka siku ile hakuna mtoto aliyelishwa nacho. Nilifikiri alikitupa.

Safari hii yaya alifika siku ya pili ya kilio. Alituma ujumbe kwa simu akiwa N'djili saa moja asubuhi, na saa sita mchana alikuwa ameketi kwenye mkeka pamoja na wamama wengine. Alimwona mama kabla hatujafunga sanduku. Sasa anataka aende na kijiko Kinshasa, anasema mtoto wa kwanza kulishwa nacho alikuwa wake. Mimi ninasema mkalimani ndiye aliyekiiba. Tumekiacha kwanza kwa mdogo wetu, ambaye mjukuu wake anaanza uji mwezi ujao.